Yah: Mashine Kusahau Mtandao Kila Iwashwapo

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Umeme umekatika saa tatu na nusu asubuhi. Umerudi saa nne kasoro dakika tano. Mashine imewaka salama. Nyaraka zangu zote zimo: barua zote, rufaa zote, hata lile lalamiko la mbuzi la mwaka juzi. Mtandao tu ndio haumo. Mashine imeusahau kana kwamba haijapata kuuona tangu izaliwe!

Hii ni mara ya kumi na tisa tangu niinunue mnadani kule Masasi. Muuzaji alinieleza kwamba inatumia mfumo wa Linux, usioshikwa na virusi. Kwamba haikumbuki mtandao wa jirani ikishazimiwa umeme, hakunieleza.

Nimelazimika kwenda tena duka la dawa la Abdulazizi, mwenye mtandao, mlango wa pili kutoka kwangu. Nimepanga foleni. Mbele yangu mama mwenye mtoto wa kikohozi, mzee wa dawa ya macho, na bwana mmoja ambaye hakutaka kutaja shida yake mbele za watu. Zamu yangu ilipofika, Abdulazizi akaniuliza kwa sauti ya kusikika hadi stendi: "Baba Yasmini, imesahau tena?" Foleni nzima ikanitazama kwa huruma. Walidhani ni maradhi.

Abdulazizi hampi mtu nywila yake. Yeye huiita pasiwedi; nimeacha kumrekebisha. Mwaka jana alimpa Erasto wa steshenari ya ng'ambo ya barabara, na kufikia jioni nusu ya stendi ya Newala ilikuwa imeketi kwenye ngazi zake ikitazama mpira, wagonjwa hawana pa kupita. Tangu siku hiyo huja mwenyewe. Huniamuru nitazame ukutani, kisha huandika amri zake kwenye dirisha jeusi la mashine. Taa ndogo ya kijiti cha kunasia mtandao ikigeuka kijani, naruhusiwa kugeuka na mimi. Mwandishi wa maombi wa miaka ishirini na miwili, kutazamishwa ukuta kama mwanafunzi mtoro!

Mchana amefika Mama Faidha kwa bodaboda kutoka Kitangari. Ni mwenyekiti wa kamati ya maji ya kitongoji chao. Kaya themanini na tatu, hakuna bomba. Wanawake wanashuka bondeni saa kumi alfajiri, wanapanda na ndoo vichwani jua likiwa limeshachomoza. Sasa kuna mfuko mmoja wa miradi ya maji unaopokea maombi. Kwa mtandao tu. Mwisho Ijumaa hii, saa kumi jioni. Ukikosa, ni mwaka ujao. Nimemhakikishia kwamba ombi lake limo katika mikono inayostahili, na kwamba rasimu yangu imefikia ukurasa wa nne. Akauliza kama ndiyo ile mashine inayosahau.

Habari zimeshafika Kitangari!

Jioni, pigo jingine. Abdulazizi anasafiri Alhamisi alfajiri kwenda Masasi kumwoza binti yake. Atarudi Jumapili. Duka atamwachia mdogo wake, nywila hatamwachia. Nikamuuliza nifanyeje iwapo umeme utakatika siku hizo mbili. Akanishauri nifunge na kuomba dua.

Nimechagua hatua madhubuti zaidi. Mashine haitazimika hadi Ijumaa jioni. Isiyozimika haisahau. Nimeazimia.


Jumanne, 3 Septemba 2024

Nimeazima betri ya sola na inveta kwa shemeji. Nimevifunga chini ya meza kwa mikono yangu. Juu ya mashine nimebandika tangazo: MASHINE HII ISIZIMWE KWA NAMNA YOYOTE ILE. KWA AMRI YA OFISI.

Saa tano umeme ukakatika. Stendi nzima kimya, redio zote zimenyamaza. Mashine yangu? Inawaka! Erasto akatoka mlangoni kwake kutazama. Nikampungia mkono kwa adabu.

Dakika arobaini za fahari.

Kisha Yuliana. Yuliana ni fundi cherehani ambaye tunashirikiana kibaraza, yeye upande wa mashariki, mimi upande wa heshima. Alikuwa na sare kumi na mbili za kwaya za kukabidhi leo, na pasi yake ya mkaa imetoboka. Akaona umeme umekaa bure chini ya meza yangu. Akachomeka pasi ya umeme ya jirani. Inveta ikalia mara moja, kama bata aliyekanyagwa. Kimya.

Nilimwonyesha tangazo. Akalisoma lote, tena kwa sauti, halafu akasema limekataza kuzima mashine, kupiga pasi halijakataza. Nililisoma upya. Kisheria yuko sahihi. Nimeliandika upya na kuongeza vifungu viwili, lakini betri imekwisha.

Umeme uliporudi, foleni tena. "Imesahau?" Imesahau.

Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Kwenye ukuta ninaotazamishwa nilitundika kile kioo cha Yuliana cha kujipimia nguo. Nilikusudia kuona vidole vya Abdulazizi vikiandika nywila. Nimeona mgongo wa Abdulazizi, nao ni mpana. Nikahesabu basi milio ya vitufe: kumi na minne. Wa mwisho mzito kuliko wenzake. Nilipoinua macho nikakutana na macho yake kiooni. Akakigeuza kioo kikatazama ukuta, tukawa wawili, mimi na kioo.

Erasto ameandika kwa chaki kwenye ubao wa dukani kwake: MTANDAO UPO. SISI HATUSAHAU. Maandishi yamepinda. Hayana kichwa cha habari wala tarehe. Lakini watu wanasoma na kucheka, kisha wanageuka kutazama upande wangu.

Sasa nitaulizia kwa anayejua. Yupo Dorika, yaani Mama Gift, fundi wa kompyuta anayeishi Ndanda. Niliwahi kumwandikia ombi la kiwanja, likakubaliwa. Nimempelekea barua ya kurasa tatu kwa basi la saa nane, K.K. (yaani kupitia kwa) Kondakta. Aya mbili za salamu, aya nne za historia ya tatizo, aya moja ya heshima, na mwishoni swali: je, ni nini kifanyike ili mashine isisahau mtandao pindi iwashwapo upya?

Kondakta aliuliza kwa nini nisipige simu. Watu wa barabarani hawana utaratibu.


Jumatano, 4 Septemba 2024

Mama Gift amepiga saa mbili asubuhi. Shikamoo, marahaba, kisha akanisihi siku nyingine nipige tu simu, maana ameanzia ukurasa wa tatu. Nikamfafanulia kwamba lalamiko la mdomo si lalamiko. Halina kumbukumbu.

Akacheka sana. Akasema basi mashine yangu ina akili kama zangu. Zile amri anazoandika Abdulazizi kwenye dirisha jeusi ni maneno ya mdomo tu. Mashine inayatii papo hapo, ikizimika yamepotea. Ikiwa nataka ikumbuke, maneno yaandikwe kwenye faili. Lipo faili lake maalumu la mtandao. Kila inapoamka hulifungua kwanza, ikasoma, ikatii.

Nilisimama. Yuliana akauliza kama nimeumwa na kitu.

Kumbe! Miezi saba nimekuwa nikiilaumu bure! Hii si mashine sahaulifu. Hii ni ofisi! Ofisi yoyote inayojiheshimu haishughulikii maneno ya mdomo. Weka faili, utashughulikiwa. Sijapata kuielewa mashine hivi, na nadhani hata yenyewe haijapata kueleweka hivi.

Mama Gift akamtumia Abdulazizi mistari ya kuandika, kwa kuwa simu yangu ni ya vitufe na haipokei mambo marefu. Abdulazizi akaja na simu yake mkononi, amekwisha kata nywele za harusi. Mashine ikagoma kwanza: faili hilo haliguswi bila idhini ya mkubwa wa mashine. Nikafarijika mno kukuta inafuata ngazi. Mkubwa ni nani? Mimi. Nikajiombea idhini, nikajipa.

Nywila haikuandikwa waziwazi. Mama Gift alimwelekeza Abdulazizi namna ya kuifumba, ikageuka herufi na tarakimu sitini na nne ambazo hazisomeki na binadamu yeyote. Hata hivyo nilitakiwa kutazama ukutani.

Jaribio. Tukaizima. Tukaiwasha. Mistari ikapita. Hakuna aliyegusa kitu.

Kijani!

Tukaizima tena, tukaiwasha tena. Kijani! Yuliana akapiga kigelegele akidhani nimeshinda rufaa. Abdulazizi akanipa mkono, akasema sasa anaondoka na amani, nisiguse kitu. Nilivuka barabara kumwarifu Erasto kwamba ubao wake umepitwa na wakati. Akasema atasubiri umeme ukatike.

Usiguse kitu, amesema. Vema.

Jioni. Nimelifungua lile faili ili kulitazama tu, kama mtu anavyotazama shamba lililopaliliwa. Nimefadhaika.

Mistari sita. Basi! Hakuna anwani. Hakuna tarehe. Hakuna kichwa cha habari, hakuna salamu, hakuna sahihi. Jina la mtandao, ile nywila iliyofumbwa, mabano, kwisha. Hivyo ndivyo mtu anavyofukuza kuku kwenye unga! Na faili limo ndani ya mashine yangu. Yaani mashine inadhani ni mimi ninayeisemesha hivyo.

Imetii leo kwa sababu Abdulazizi alikuwa amesimama pale, naye ni mtu wa sauti. Je, akiwa Masasi? Ofisa aliyeamrishwa kwa ukali hutii mara mbili. Ya tatu hukutafutia sababu. Nina uzoefu.

Mistari sita ya Abdulazizi sikuigusa hata nukta. Nimeivika tu. Juu nimeweka anwani yangu na tarehe. Kisha: "Ndugu Mashine, YAH: OMBI LA KUUNGANISHWA NA MTANDAO KILA UWASHWAPO. Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mmiliki wako halali, mwenye akili timamu, na ninaomba kwa unyenyekevu uzingatie mistari sita ifuatayo kama ilivyowasilishwa na Ndugu Abdulazizi." Chini ya mistari: "Ni matumaini yangu kwamba ombi hili litapokelewa na kufanyiwa kazi. Wako katika ujenzi wa taifa." Jina. Nimehifadhi.

Sikuizima ili kujaribu. Si adabu kumfuatilia ofisa siku hiyohiyo uliyompelekea barua.


Alhamisi, 5 Septemba 2024

Abdulazizi ameondoka na basi la saa kumi na mbili asubuhi, kanzu yake ya harusi ikiwa imetundikwa dirishani mwa basi.

Saa nne umeme ukakatika. Nilitulia! Nilimwambia Yuliana achomeke pasi anapotaka. Nikaagiza chai. Erasto alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono nyuma.

Saa sita umeme ukarudi. Nikabonyeza. Mistari ikapita. Nikageuka kumtazama Erasto, ili niwe namtazama wakati taa inawaka.

Taa haikuwaka.

Mashine imeandika kwa Kiingereza kwamba ina tatizo na mstari wa kwanza.

Mstari wa kwanza ni anwani yangu. Nikaipitia. Sanduku la posta sahihi. Nikatambua kosa: sikuweka "Kwa heshima na taadhima". Nikaiongeza juu kabisa. Nikawasha upya. Tatizo, mstari wa kwanza. Nikabadilisha "Ndugu" kuwa "Mheshimiwa". Tatizo, mstari wa kwanza. Nikaweka "Nakala kwa: Abdulazizi (kwa taarifa)". Tatizo, mstari wa kwanza! Kufikia saa tisa barua imefikia kurasa mbili, na mashine bado inalalamikia mstari wa kwanza. Ni dhahiri haijasoma zaidi ya hapo. Maofisa wengi ndivyo walivyo.

Nimempigia Abdulazizi. Ngoma, vigelegele, mtu anaita wali. Nikaeleza hali kwa ukamilifu. Akapaza sauti: "Uliigusa?" Nikajibu kwamba mistari yake sita haikuguswa, jambo ambalo ni kweli tupu. Nikamwomba nywila, mara hii moja. Akasema pasiwedi haisemwi kwenye simu mbele ya wakwe. Simu ikakatika.

Nikajaribu kuibuni. Herufi kumi na tatu na kile kitufe kizito. Jina la binti anayeolewa. Jina la mkewe. Majina ya dawa niliyoyaona kwenye rafu: manne. Hapana, hapana, hapana.

Erasto amevuka barabara. Amekuja na kiti chake mwenyewe! Ameketi, akasema pale kwake mtandao upo na jenereta ipo, na zile karatasi za sahihi za kaya themanini na tatu ni yeye aliyezipiga picha za mashine kwa ajili ya Mama Faidha, kwa hiyo zimo kwake tayari. Angelituma ombi kwa dakika tano. Hataki hata asante. Nikamjibu kwamba ombi hutumwa na aliyeliandika, kama vile mtoto hupelekwa jando na aliyemzaa. Akasema sawa, Baba Yasmini, lakini mtoto huyu anazeekea kibarazani. Yuliana akacheka hadi uzi ukakatika. Nimelitambua hilo na kulihifadhi.

Kisha akafika Mama Faidha. Hakugomba. Ningependelea agombe. Aliketi kwenye kigoda cha wateja wa Yuliana, akawa anasugua goti lake la kulia, lile la kushukia bondeni. Akauliza kama ombi limekwenda. Nikaanza kueleza habari za ofisi, mafaili na maneno ya mdomo. Akasikiliza hadi mwisho. Akasema leo alfajiri goti lilimkatalia, kwa hiyo aliyeshuka ni binti yake Faidha, na Faidha ana mimba ya miezi saba.

 

Akasema kesho saa nane mchana atakuja kuchukua kila kilicho chake, avuke barabara ampe Erasto. Halafu akaniaga vizuri kabisa, kwa kuniulizia hali ya Yasmini.

Nimeazimia. Sijui nini, lakini nimeazimia.


Ijumaa, 6 Septemba 2024

Saa mbili asubuhi. Nimempigia simu Mama Gift, kwa mdomo, kinyume cha taratibu zangu zote.

Akauliza kama kuna kitu nimeongeza kwenye faili. Nikasema utangulizi kidogo. Akanitaka nimsomee. Nikamsomea, kuanzia "Kwa heshima na taadhima" hadi "Nakala kwa". Kimya upande wa pili. Nikadhani amevutiwa. Kisha akaniomba nirudie aya ya pili, taratibu, kwa sababu wenzake wa karakana wamesogea kusikiliza. Nikairudia. Nikasikia kitu kama benchi likianguka.

Alipopata pumzi akasema nifute yote, ibaki mistari sita. Nikakataa. Sifuti heshima niliyokwisha itoa kwa maandishi. Mtu akifuta "tafadhali" yake, amebaki na nini? Akasema, "Baba Yasmini, watu wanataka maji." Nikasema najua wanataka maji. Yeye Ndanda, mimi Newala, salio langu likienda.

Mwishowe akatafuta njia ya katikati. Mwanzoni mwa kila mstari wa heshima niweke alama ya reli, ileile tunayobonyeza mwisho tukiangalia salio. Mstari wenye reli mashine hauusomi. Inauruka, inakwenda kwenye ile sita. Nikamuuliza ikiwa kuuruka ni kuukataa. Akasema si kuukataa, ni kuupita tu. Nimekubali kwa shingo upande.

Mistari arobaini na mmoja. Reli arobaini na moja. Kidole cha shahada kimevimba.

Nilipohifadhi tu, kabla sijawasha upya, umeme ukakatika. Saa sita na dakika ishirini.

Nimekwenda swala ya Ijumaa. Nimerudi saa saba na nusu. Umeme bado. Ng'ambo jenereta ya Erasto inanguruma, ameiweka barazani kabisa, sijui kwa nini barazani. Saa nane kamili Mama Faidha. Hakuketi. Nikampa kiflashi chenye ombi lake na nakala za zile sahihi, kwa mikono miwili.  Yuliana, aliyekuwa akishona vifungo kwa mkono, aliacha sindano.

Akashuka kibarazani. Akasubiri pikipiki ipite, vumbi jekundu likapanda, likashuka. Akakanyaga barabara.

Cherehani ya umeme ya Yuliana ikaguruma yenyewe, mguu wake ulikuwa umesahaulika juu ya kanyagio. Umeme!

Nimebonyeza. Mistari. Mistari. Mama Faidha yuko katikati ya barabara. Mistari. Erasto amekwisha mfungulia mlango. Sikutazama taa. Niliogopa. Ni Yuliana aliyeniambia, kwa kunipiga bega kwa futi ya kupimia: "Kijani hiyo!"

Nikapiga kelele. Mimi! Nilisimama juu ya kiti na kupiga kelele stendi nzima ikasikia: Mama Faidha! Imekumbuka! Imekumbuka!

Amerudi. Tukafungua ukurasa wa maombi. Saa nane na robo. Muda wa kutosha, isipokuwa kisanduku cha maelezo kinapokea maneno mia mbili tu. Dibaji yangu pekee ina mia tatu na kumi! Nikaanza kupunguza. Nikaondoa "kwa mujibu wa". Nikairudisha. Nikaondoa historia ya nyanda za juu za Makonde tangu enzi. Nikasita kwenye "ilhali". Saa tisa na dakika ishirini Mama Faidha akakisogeza kigoda, akaniuliza ninatafuta nini. Nikamwambia natafuta neno linaloweza kuondoka bila kuumia. Akasema niyaondoe yote, niandike anayosema yeye. Akasema: "Hatuna maji. Tuko kaya themanini na tatu. Tunashuka bondeni alfajiri, wazee na wajawazito. Tangi liko kilomita mbili, tunaliona."

Nikaandika. Nilitaka kuongeza kitu baada ya "tunaliona". Nilitafuta dakika nzima. Sikuongeza.

Limekwenda saa tisa na dakika thelathini na mbili. Namba ya kumbukumbu ikatokea. Mama Faidha alinitaka niiandike kwenye karatasi, na nyingine kwenye kiganja chake, kwa kuwa karatasi hupotea. Ameniachia mfuko wa ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, bado ya moto.


Jumamosi, 7 Septemba 2024

Erasto amefuta ubao. Amekuja kunipongeza kwa mdomo. Nimemshukuru na kumwomba alete kwa maandishi.

Nimetafakari suala la reli. Mama Gift ni fundi hodari, lakini hajakaa na maofisa. Anasema mashine haisomi mstari wenye reli. Ushahidi je? Bila barua iliunganika Jumatano, mtu mwenye sauti akiwa ameisimamia. Na barua iliunganika Ijumaa, peke yake, bila kutishwa, katika saa ya haja kubwa. Ofisa mwenye busara husoma kimya na kujifanya hajasoma. Hilo linafahamika.

Ming'oko imekwisha. Yuliana amekula zaidi ya nusu.


Jumatatu, 9 Septemba 2024

Siku njema. Umeme upo tangu asubuhi. Mfuko wa maji umeandika kwenye ukurasa wake kwamba majibu ya awali yatatumwa leo kwa barua pepe, na mwombaji anapewa siku mbili tu kuthibitisha. Asipothibitisha, nafasi anapewa mwingine. Mama Faidha ameshapewa taarifa, yuko njiani.

Abdulazizi alirudi jana na biriani ya kutosha kibaraza kizima. Alfajiri ya leo ameondoka tena, amekwenda Mtwara kuchukua dawa. Hadi Alhamisi. Aliponiaga alirudia kwamba nisiguse kitu. Nikamwambia sina haja ya kumsumbua tena maishani, na ndivyo ilivyo.

Kwa kuwa nilikuwa na nafasi, nimelifungua faili. Kwa mara ya kwanza nimelitazama nikiwa na utulivu. Reli arobaini na moja, moja chini ya nyingine, ukurasa mzima! Kama nondo za dirisha la mahabusu. Na nyuma ya nondo, heshima yangu yote imefungiwa. "Mheshimiwa" nyuma ya nondo! Mashine ilinitendea wema wa namna ile siku ya Ijumaa, nami nimeilipa kwa kuisalimu kupitia dirisha la rumande?

Nimeziondoa zote. Mahali pake nimeongeza aya ya shukrani, yenye kutaja siku, saa, na kaya themanini na tatu. Ni aya nzuri. Nadhani ni bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Nimejiombea idhini ya mkubwa, nikajipa, nikahifadhi.

Mama Faidha amefika. Amekuja na Faidha mwenyewe, tumbo limetangulia, wamekaa wote wawili kwenye kigoda kimoja. Wameuliza kama jibu limekuja. Nimewaambia tutalisoma sasa hivi. Naizima mashine na kuiwasha, ipokee kwanza shukrani, kisha itupe barua. Dakika mbili.

Imezimika. Nimeiwasha. Mistari inapita.

Erasto ametoka na kitambaa, anaufuta ubao wake ulio safi.

Taa bado. Mashine ina jambo inaloeleza kuhusu mstari wa kwanza. Mama Faidha ananitazama. Nimemwambia asiwe na shaka. Safari hii inasoma.